Imfikie Aliye Mwaloni: Namna ya Kuandika Habari Inayosomwa na Kuipeleka kwa Wanaoihitaji, Mwambao wa Rumonge

Katika kila kambi na kila kijiji cha mwambao yuko mtu ambaye wenzake humtegemea kwa habari. Huenda ni wewe. Pengine u kiongozi wa bloku, mhamasishaji wa afya, mwalimu, katibu wa ushirika wa wavuvi, au kijana mwenye simu nzuri ambaye kila mtu humwomba: "Hebu tuandikie tangazo." Unaandika na kulituma kwenye makundi ya WhatsApp. Siku inafika, wanakuja watu wanane kati ya mia mbili. Wengine wanakuja kesho yake na kukuta meza zimeshaondolewa.

Mara nyingi tunawalaumu wasomaji: "Watu hawasomi." Lakini watu haohao husoma bei ya ndagala, husoma matokeo ya mpira, na husoma uvumi wa usiku wa manane mpaka mwisho. Makala hii inaeleza kwa nini habari moja inasomwa na nyingine inapitwa, na unachoweza kufanya ili ya kwako isomwe, iaminiwe na ipelekwe mbele. Mifano yetu ni ya Rumonge, Nyanza-Lac na ng'ambo za ziwa, lakini anayeandika Nyarugusu, Nduta, Lusenda au Musenyi anaweza kuitumia vilevile.

Kwa nini jambo hili ni la maisha

Wengi wetu tunakumbuka Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, hatua chache kusini mwa mpaka wa Burundi, milima nyuma na ziwa mbele. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika pale wakisubiri kupelekwa Kigoma. Njia kubwa ya kutoka ilikuwa maji, na meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilibeba watu mamia kwa mamia, safari baada ya safari. Wakati huo kipindupindu kikaingia, na takriban watu 30 walikufa katika wiki chache.

Mtu aliyekuwa Kagunga siku zile hakuhitaji habari ndefu. Alihitaji majibu ya maswali matatu: Maji yapi ni salama kunywa? Meli inakuja lini? Nani anapanda kwanza? Anayejibu maswali hayo kwa maneno machache na ya kweli anaokoa mtu. Anayekosea anampeleka mama na watoto kukaa juani siku nzima mahali ambapo hakuna meli inayokuja.

Siku hizohizo, huko Burundi, redio zilinyamaza. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei 2015, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema vilishambuliwa na kuzimwa. Watu waliozoea kuwasha redio jioni wakabaki na simu tu. Hapo ndipo baadhi ya waandishi wa habari walipoanzisha SOS Médias Burundi, wakapeleka habari fupi kwa Facebook, Twitter na WhatsApp. Hawakuwa na mitambo wala studio kubwa. Walichokuwa nacho ni kazi ya kuuliza, kuhakikisha na kuandika kwa ufupi. Kazi hiyo hata wewe unaweza kujifunza.

Kwanza: unamwandikia nani?

Usiandikie "jamii yote". Mwandikie mtu mmoja unayemjua. Mwambao huu una wasomaji wa namna nyingi, na kila mmoja ana lugha yake na haraka yake.

Yupo aliyezaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo. Wazazi wake walikimbia mwaka 1972, machafuko yalipoanza mwishoni mwa mwezi Aprili katika sehemu za Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yakafuata nchi nzima. Alisoma shule za Tanzania. Aliporudi, labda mwaka 2008 au 2009 pamoja na wengi wa kundi la 1972, alikuta shule za Kirundi na Kifaransa. Kiswahili ndicho anachokisoma bila kutafuta maana. Tangazo la Kifaransa cha ofisi kwake ni ukuta.

Yupo aliyerudi juzi kutoka Nyarugusu au Nduta. Safari za kurejea kwa hiari kutoka Tanzania zilianza kupangwa tena Septemba 2017. Huyu ana mtoto anayehitaji shule, cheti cha kuzaliwa cha nchi nyingine, na mgao wa kurejea unaoisha. Anasoma akiwa na hofu ya kupitwa.

Yupo Mkongomani aliyevuka kwa mtumbwi au kupitia Mto Rusizi akikimbia vita vya Kivu Kusini. Kiswahili chake ni cha Bukavu, Uvira au Fizi. Anakuelewa, lakini maneno kama "mkurupuko", "stahiki" au "uwezeshaji" hayamwingii.

Na yupo mwenyeji wa Rumonge ambaye hajawahi kukimbia, au alikimbia na kurudi zamani. Huyu tunamsahau mara nyingi. Anauliza: "Na sisi je?" Asipoona jibu, anaanza kuamini kwamba wageni wanapewa vyote.

Kabla ya kuandika, sema kwa sauti: "Tangazo hili ni la mama anayeanika ndagala Minago, aliyerudi mwaka jana, mwenye watoto watatu." Kisha mwandikie yeye. Ukimwandikia yeye vizuri, wengine pia wataelewa. Ukiandikia wote kwa pamoja, utaishia kuandika kama ofisi.

Anza na jibu

Msomaji wetu anasoma amesimama. Simu ina mpasuko kwenye kioo, mega zinakwisha, mtoto analia. Ujumbe mrefu kwenye WhatsApp hukatwa, na sehemu iliyobaki hufichwa mpaka msomaji abonyeze aendelee. Wengi hawabonyezi. Kwa hiyo jambo analotakiwa kufanya liwe katika mistari miwili ya kwanza.

Tazama tangazo hili. Ni la mfano tu, lakini la aina hii tumeyaona mengi:

"Kwa mujibu wa maazimio ya kikao cha uratibu kilichowahusisha wadau mbalimbali, wananchi wote wanaarifiwa kuwa kutakuwa na zoezi la uandikishaji wa watoto ambao hawajapata nyaraka, litakalofanyika wiki ijayo katika maeneo husika. Wote mnaombwa kutoa ushirikiano."

Mama wa Minago amesoma mpaka mwisho na hajui aende wapi, lini, wala abebe nini. Sasa soma hili:

"Mtoto wako hana cheti cha kuzaliwa? Mlete aandikwe Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa za Burundi, kwenye ofisi ya zoni, karibu na soko. Njoo na kitambulisho chako na karatasi ya kurejea. Kama huna karatasi, njoo hivyohivyo, utasikilizwa. Hakuna malipo."

Maneno yameongezeka kidogo, lakini kila neno lina kazi. Angalia vitu vinne. Limeanza na shida ya msomaji badala ya kikao cha wakubwa. Limesema wapi, lini na abebe nini. Limemjibu mwenye hofu, yule asiye na karatasi, ambaye angebaki nyumbani kwa aibu. Na limesema hakuna malipo, kwa sababu palipo na foleni hukosi mtu wa kudai "ya soda". Sema hivyo tu ikiwa umehakikisha kwa mhusika kwamba ndivyo ilivyo.

Siku, saa na mahali: makosa matatu ya mwambao

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata pale ambapo habari ni ya kweli.

*Siku.* Kiswahili huanza kuhesabu siku kutoka Jumamosi, hivyo Jumatatu ni ya tatu. Kirundi huanza kuhesabu siku hiyohiyo tunayoiita Jumatatu, nacho huiita "ku wa mbere", yaani siku ya kwanza. "Ku wa gatatu" ya Kirundi ni Jumatano yetu. Mtu anayefikiri kwa Kirundi akisikia "tatu" ndani ya Jumatatu, anaweza kuja siku mbili baadaye, na wala hakosi kwa uzembe. Dawa ni ndogo: andika siku na tarehe pamoja, kila mara. Ukiweza, ongeza neno la Kirundi pembeni.

*Saa.* Sisi tunasema saa 2 asubuhi. Karatasi ya ofisi inasema 8h00. Kuna anayetafsiri haraka na kuandika "saa 8". Msomaji wa Kiswahili anafika saa nane mchana, saa sita baada ya kazi kuanza. Usiandike namba peke yake. Andika "saa 2 asubuhi (8h00)". Neno asubuhi, mchana au jioni lisikosekane.

Tena kuna saa za nchi. Tanzania iko mbele ya Burundi kwa saa moja, na Kivu Kusini inakwenda sawa na Burundi. Saa 3 asubuhi ya Kigoma ni saa 2 asubuhi ya Nyanza-Lac. Simu iliyo karibu na mpaka ikinasa mtandao wa ng'ambo, inaweza kujibadilisha saa yenyewe usiku. Kwa habari yoyote ya gari, boti au kuvuka mpaka, andika "saa za Burundi" au "saa za Tanzania".

*Mahali.* Rumonge ilikuwa komini ya mkoa wa Bururi, ikawa mkoa mwaka 2015, kisha mwaka 2025 mikoa ya Burundi ikapunguzwa kuwa mitano na Rumonge ikaingia mkoa wa Burunga. Mtu aliyekuwa kambini miaka kumi hajui jina jipya, na mtoto wa shule atasahau la zamani. Kwa hiyo taja mahali kwa kitu kinachoonekana: bandari, soko, msikiti, kanisa, mti mkubwa, daraja, upande wa ziwa au upande wa mlima wa barabara ya Bujumbura kwenda Nyanza-Lac. Kitu kinachoonekana hakibadilishwi jina na sheria.

Hakikisha kabla ya kutuma

Habari mbaya ina miguu. Ukisikia "mwezi ujao kambi inafungwa" au "wasiojiandikisha wiki hii watapoteza shamba", usiipeleke kwa sababu tu imetoka kwa mtu unayemheshimu. Jiulize maswali haya:

- Nani amesema? Taja jina la ofisi au cheo. "Wanasema" sio chanzo.
- Alisema lini? Ujumbe wa mwaka 2019 kuhusu kurejea bado unazunguka hadi leo kama mpya.
- Nimeona au nimesikia mwenyewe, au nimepokea kwa mwingine aliyepokea kwa mwingine?
- Yuko mtu wa pili asiyetegemea wa kwanza anayethibitisha?

WhatsApp yenyewe inakusaidia: ujumbe uliopitishwa mara nyingi huonyesha mishale miwili juu yake. Mishale hiyo haina maana kwamba ni uongo. Ina maana kwamba aliyekutumia hakuandika yeye, na huenda hajui aliyeandika.

Kuhusu kurejea nyumbani, chagua maneno kwa uangalifu. Kurejea ni kwa hiari. Ukiandika "wote mnatakiwa kurudi" mahali ambapo ofisi imesema "wanaotaka wajiandikishe", umebadilisha maana, na kuna familia itauza sufuria na kuku wake usiku huo kwa bei ya hasara. Kama jambo halijaamuliwa, sema: "Bado halijaamuliwa. Tutawaambia." Msomaji haudhiki kwa kuambiwa ukweli huo. Huudhika akigundua kwamba ulimjazia.

Na ukikosea? Rekebisha siku hiyohiyo, mahali palepale ulipotuma kosa, kwa maneno ya wazi: "Jana tuliandika Jumanne. Sahihi ni Jumatano tarehe 15. Samahani." Usifute kimyakimya. Waliokwisha kuona kosa hawataona kwamba umefuta.

Habari ya mtu mmoja inabeba ya wengi

Kuna habari za tarehe na saa, na kuna habari za kuelewana. Hizi za pili zinahitaji moyo zaidi.

Studio Ijambo ilianza mwaka 1995, Burundi ikiwa vitani. Mwaka 1997 ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa "Umubanyi niwe umuryango", maana yake jirani ndiye familia. Mwandishi wake alikuwa Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili zinazoishi jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, na ulidumu kwa mamia ya vipindi. Watu waliutega sikio vilimani kote. Wangeweza kupewa hotuba ya amani kila jioni. Badala yake walipewa majirani wenye mambo ya kila siku, na kila msikilizaji akamwona mtu anayemfahamu.

Rumonge inahitaji habari za namna hiyo, hasa kuhusu ardhi. Hapa michikichi ina thamani, na shamba lililoachwa mwaka 1972 lilikaliwa na wengine, ambao nao walizaa na kuzika hapo. Serikali iliunda tume ya ardhi na mali, CNTB, mwaka 2006, na mashauri mengi yalitoka mwambao huu. Ukiandika kisa cha shamba upande mmoja tu, umewasha moto uani kwako. Msikilize aliyerudi na umsikilize aliyebaki. Waite wote kwa majina yanayowapa heshima. Usimwite mmoja "mwenye ardhi" na mwingine "mvamizi" kabla sheria haijasema. Kumbuka kwamba mke wa jirani naye atasoma.

Kabla ya kuandika kisa cha mtu, fuata mambo haya:

- Mwombe ruhusa, na umweleze nani atasoma. "Watasoma hapa kambini" na "itasomwa hata Bujumbura na Ulaya" ni ruhusa mbili tofauti.
- Msomee ulichoandika. Akitaka sentensi iondoke, iondoe.
- Usiweke jina kamili, namba ya simu, namba ya kadi, wala bloku ya mtu aliyekimbia vitisho. Anayemtafuta naye ana simu.
- Picha ya mtoto, ya mgonjwa au ya mwanamke aliyedhulumiwa isitumwe. Eleza hali kwa maneno.

Kisa kizuri hakihitaji machozi mengi. Kinahitaji kitu cha kweli kinachoonekana: funguo za nyumba iliyokwisha kubomoka ambazo mzee bado anazitunza, au daftari la Tanzania ambalo mtoto analipeleka shule ya Kirundi. Andika ulichokiona, kisha unyamaze. Msomaji atamalizia mwenyewe.

Habari ya afya: namba ziwe sawa

Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu mwanzoni mwa mwaka 2023, na mwambao wa ziwa unaufahamu ugonjwa huu toka zamani. Ziwa likijaa, kama lilivyofanya mwaka 2024, vyoo vya pembezoni huzama na maji ya kunywa huchafuka. Tangazo la afya ni lile ambalo mtu hulitunza kwenye simu, kwa hiyo lazima liwe kamili. Hili hapa, unaweza kulitumia:

"Mtu anaharisha majimaji meupe mfululizo? Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, hata usiku. Njiani mpe maji ya kumrudishia nguvu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae kilima. Mpe kidogokidogo, mara kwa mara. Maji ya ziwa yachemshwe mpaka yatokote, yaendelee kutokota dakika moja, ndipo yanywewe."

Tumeandika "visijae kilima" kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Tumeandika "hata usiku" kwa sababu watu husubiri kukuche, na kipindupindu hakisubiri. Kila mara jiulize: msomaji anaweza kukosea wapi? Kisha zibia hapo kwa neno moja.

Kuisambaza: nani anaibeba, na lini

Habari nzuri iliyokaa kwenye simu yako haijaandikwa. Fikiria wabebaji wako kabla ya kutuma.

*Fuata ratiba ya watu.* Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku kwa taa, katika siku za giza la mwezi. Wakati wa mbalamwezi kali samaki hawafuati taa, na wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Ukitaka kuwakutanisha wavuvi, panga mkutano siku za mbalamwezi. Ukitaka wasome siku za giza, tuma mchana wakishaamka, sio alfajiri wanaposhusha samaki wakiwa hoi. Kwa wanawake wanaouza, siku moja kabla ya soko ndiyo bora: habari itasafiri sokoni kesho yake kwa mdomo, kwa kasi kuliko mtandao.

*Tumia midomo inayoaminiwa.* Chifu wa kilima, imamu baada ya swala ya Ijumaa, mchungaji au padri Jumapili, mwalimu mlangoni mwa shule, mwendesha pikipiki kwenye kituo chake. Wape karatasi fupi ya mistari mitano, waisome ilivyo. Ukiwasimulia tu, kila mmoja atafikisha cha kwake.

*Kumbuka redio.* Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, na imezungumza na watu wa kambini na wenyeji kwa miaka mingi. Redio za jamii hupokea matangazo mafupi. Ukipeleka maandishi yaliyo tayari kusomwa kwa nusu dakika, una nafasi kubwa kuliko ukipeleka kurasa mbili.

*Fanya iwe nyepesi.* Picha ya tangazo lenye mihuri mitatu inakula mega, na maandishi yake hayasomeki kwenye kioo kidogo. Tuma maandishi ya kawaida. Ongeza ujumbe wa sauti wa chini ya dakika moja kwa wasiosoma, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Mafaili mazito usiyatume.

*Weka mwisho wake.* Kila tangazo liwe na mstari wa chini: "Limeandikwa tarehe fulani. Baada ya tarehe fulani, lifute." Bila mstari huo, tangazo lako litakuwa uvumi mwakani.

*Usitume kila saa.* Anayejaza kundi kwa ujumbe arobaini kwa siku huzimwa sauti, na siku ya dhoruba ziwani hakuna anayemsikia. Tuma kidogo na kwa uhakika, watu wazoee kwamba ukiandika kuna jambo.

Baada ya kutuma

Kazi haijaisha. Siku moja baadaye, nenda mwaloni au bombani ukaulize watu watano: "Umesikia nini kuhusu Jumanne?" Usiwaulize kama wamesoma, maana kwa heshima watasema ndiyo. Waache wakueleze wenyewe. Ukisikia wawili wakisema siku tofauti, kosa ni la tangazo, sio lao. Andika upya.

Maswali watakayokuuliza ndiyo habari yako inayofuata. Watu kumi wakikuuliza "je, aliyezaliwa Nduta naye aje?", kumbe hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Wajibu hadharani, ili na yule anayeona haya kuuliza apate jibu.

Kabla ya kubonyeza tuma

Lisome tangazo lako kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuwa kwenye kikao. Kisha angalia:

1. Jambo la kufanya liko mistari miwili ya kwanza?
2. Kuna siku na tarehe, saa na neno asubuhi au mchana, na saa za nchi gani?
3. Mahali patatambuliwa na mgeni aliyefika juzi?
4. Abebe nini, na asiye nacho afanyeje?
5. Nani amesema, na umehakikisha kwa nani mwingine?
6. Kuna jina, picha au namba inayoweza kumdhuru mtu?
7. Mwenyeji naye anaona nafasi yake?
8. Tangazo linaisha lini?

Ukijibu yote nane, tuma. Kama moja halina jibu, subiri saa moja, piga simu, uliza. Ni afadhali tangazo lichelewe saa moja, kuliko mama ashuke na watoto wake kutoka mlimani hadi bandarini, mizigo kichwani, siku ambayo hakuna boti.